Paa Likibonyea: Mwongozo wa Kurekebisha Nyumba ya Zamani Tanga na Mwambao Wake

Simama ng'ambo ya barabara uitazame nyumba yako kwa juu, hasa asubuhi jua likiwa bado chini. Mgongo wa paa, pale kipaa cha mbele kinapokutana na cha nyuma, unatakiwa uwe mstari mmoja ulionyooka. Kama umebonyea katikati, au bati la upande mmoja limefanya wimbi, soma mwongozo huu kabla hujamwita mtu.

Nyumba ninayoizungumzia zaidi ni ile iliyojaa kwenye barabara za namba za Ngamiani, Pangani mjini, Muheza na vijiji vya Mkinga: nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba kulia na kushoto, baraza mbele na ua nyuma. Kuta ni za miti na udongo, nyingi zikaja kupigwa plasta ya saruji baadaye. Paa lilianza kwa makuti, kisha watu wakapata uwezo likaezekwa bati. Nyumba za mawe na chokaa nimezitengea sehemu yake mwishoni, kwa sababu zina masharti mengine.

Ninaloliamini nitalisema mapema. Paa halibonyei kwa sababu ya bati. Linabonyea kwa sababu kitu kilicho chini ya bati kimeacha kazi, na mara nyingi kitu hicho kiko mbali na pale unapoona ubovu: kwenye kichwa cha ukuta, kwenye mguu wa nguzo, au kwenye ukuta wa korido uliobomolewa miaka kumi iliyopita. Anayenunua bati jipya kabla ya kukijua ameuficha ubovu kwa pesa nyingi, na bado atalipa tena.

KWA NINI PAA LINASHUKA

Makombamoyo mawili yaliyoegemeana kileleni husukuma miguu yao nje, kama mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi. Kinachoizuia miguu hiyo ni mbao ya chini inayofunga upande mmoja wa nyumba na mwingine. Mbao hiyo ikikatwa, ikioza mwishoni, au misumari yake ikiliwa na kutu, vichwa vya kuta vinasukumwa nje na kilele kinashuka. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Ukiona kilele kimebonyea, kimbilia kuangalia kuta za nje.

Nyumba ya Kiswahili ina msaada wa ziada: zile kuta mbili za korido. Hazikujengwa kutenganisha vyumba tu. Katika nyumba nyingi zimebeba nguzo fupi zinazoshikilia mwamba wa kileleni, yaani mti mrefu unaopita chini ya mgongo wa paa. Kwa hiyo ukuta wa korido ukititia, au ukibomolewa ili sebule iwe kubwa, mwamba unabaki unaning'inia. Nina hakika kosa hili la sebule limebonyeza mapaa mengi kuliko mchwa.

Kisha kuna mwambao wenyewe. Hewa ya chumvi inakula chuma usiku na mchana. Chomoa msumari mmoja wa paa la zamani lililo karibu na bahari uutazame: kichwa ni kinene kwa kutu, ncha iliyozama ndani ya mbao bado inang'aa kidogo, lakini pale katikati, bati lilipokutana na mbao, umebaki uzi tu. Msumari wa namna hiyo ukiutazama kwa juu utadhani mzima.

Mvua nayo si ndogo. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikishuka masika, Machi hadi Mei, na zinazobaki vuli, Oktoba hadi Desemba. Maji yanayodondoka kwenye ukingo wa paa lisilo na mfereji huchimba udongo chini ya ukuta na kurusha matope kwenye miguu ya nguzo. Nguzo huoza pale inapotokea ardhini, na ikioza inatitia, na ikititia paa linaifuata.

Mchwa kwenye ukuta wa udongo haonekani, kwa kuwa ukuta wenyewe ndio njia yake. Anapanda ndani kwa ndani hadi kwenye mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta, bila kuacha alama nje. Wajenzi wa zamani waliweka mikoko, mkandaa na msinzi kwa kuwa ni miti migumu. Mbao laini zilizoongezwa baadaye bila dawa ndizo zinazoliwa kwanza. Ndiyo maana katika paa moja utakuta boriti ya wakati wa babu iko nzima na mbao ya juzi imebaki ganda.

CHUNGUZA KWANZA

Kazi hii ni yako, usimwachie fundi peke yake. Unahitaji uzi wa fundi, timazi, futi, tochi, bisibisi, nyundo na kalamu ya kuwekea alama.

1. Vuta uzi kutoka mwisho mmoja wa mwamba hadi mwingine, uukaze vizuri. Pima nafasi kati ya uzi na mwamba pale palipobonyea zaidi. Andika kipimo na tarehe.

2. Shusha timazi kwenye kila ukuta wa nje, kutoka kichwani hadi chini, ukuta kwa ukuta. Kama kichwa cha ukuta kimetoka nje kuliko mguu, andika kimetoka kiasi gani.

3. Panda juu ya dari, au kama hakuna dari panda ngazi ndani ya chumba. Zima tochi kwanza. Ukiona vijitundu vya mwanga, umejua maji yanapoingilia. Washa tochi ufuate alama za maji meusi kwenye mbao hadi zinapoishia. Pale zinapoishia ndipo penye uozo.

4. Gonga kila mbao kwa nyundo. Mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa hutoa sauti nzito ya uwazi. Kisha ichome kwa ncha ya bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila wewe kutumia nguvu, sehemu hiyo haibebi tena. Usisahau vichwa vya mbao vilivyozama ukutani, kwani huko ndiko maji hujificha.

5. Angalia unga. Unga mweupe unaodondoka chini ya boriti unaonyesha mbao inabunguliwa. Fagia, tandika kitambaa cheusi, rudi baada ya wiki moja. Unga mpya ukionekana, wadudu bado wako kazini. Usipoonekana, huenda ni vitobo vya zamani.

6. Fuata ukuta hadi chini. Chimba kidogo kwenye mguu wa nguzo zilizo chini ya sehemu iliyobonyea. Tazama pia korido: milango inayogoma kufunga na nyufa za mshazari juu ya milango zinaonyesha ukuta unatitia.

7. Kama hakuna hatari ya haraka, subiri upime tena baada ya mvua. Paa lililobonyea miaka mingi na limetulia si sawa na paa linaloshuka sasa hivi.

Kipimo kikishapatikana, hukumu yangu ni hii. Mwamba wa mita 8 ulioshuka sentimita 2 au 3, mbao zake nzima, na kipimo hakijabadilika baada ya masika, uache. Nyumba imezeeka na imekaa mkao wake. Ukishuka kati ya sentimita 3 na 8, fuata hatua zilizo hapa chini ukiwa na fundi seremala mzoefu wa nyumba za zamani. Ukizidi sentimita 8, au kuta zikiwa zimeegemea nje kwa macho tu, mtafute mhandisi aliyesajiliwa aje aone kabla ya mtu yeyote kugusa jeki.

Soma dalili hivi:

• Kilele kimebonyea na kuta za nje zimefunguka: mbao za kufunga zimekatika, au hazikuwepo.
• Kilele kimebonyea lakini kuta za nje ziko wima: angalia korido, nguzo fupi za mwamba na ukuta uliobomolewa.
• Bati lina mawimbi lakini kilele kimenyooka: papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ni nyembamba au zimeachana mno. Hili ndilo jepesi kuliko yote.
• Pembe moja ya nyumba imeshuka: mtambaapanya umeoza hapo, au nguzo ya pembeni imeoza mguu.
• Paa limeshuka pale penye tanki la maji: ondoa tanki. Lita 500 za maji ni kilo 500, na hakuna kenchi ya nyumba hizi iliyowekwa kwa ajili yake.

┌──────────────────────────────
ONDOKENI NDANI KWANZA

Toa watu nje siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:
– mbao zinatoa mlio wa kupasuka, hasa usiku au upepo ukivuma;
– ufa mpya unaoingia kidole;
– mlango uliokuwa unafunga jana leo haufungi;
– plasta inadondoka mapande karibu na dari.

Usiingie kuokoa vyombo kabla ya kuweka nguzo za muda.
└──────────────────────────────

┌──────────────────────────────
KAMA PAA SI LA BATI LA CHUMA

Nyumba nyingi za taasisi na za mashirika, pamoja na baadhi za watu binafsi, ziliezekwa kwa shuka za asbestosi: nene, za kijivu, zenye mawimbi mapana, na zikigongwa hazilii kama chuma. Vumbi lake huingia mapafuni na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Usizikate, usizitoboe, usizipige msasa, usizifagie. Usitumie vipande vyake kujengea banda la kuku au kufunika choo. Uliza halmashauri na baraza la mazingira (NEMC) utaratibu wa kuziondoa kabla kazi yoyote haijaanza.
└──────────────────────────────

KABLA YA KAZI

Nyumba nyingi za Ngamiani ni za urithi. Baba alifariki, watoto wamesambaa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na anayeishi ndani ni shangazi au mdogo wao. Kaeni kwanza mkubaliane nani anatoa nini na kwa haki gani, muandike, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Nyumba ikiwa nusu wazi na warithi wakaanza kubishana, mvua haitawasubiri.

Kibali: ukarabati unaogusa kuta na kenchi unahitaji kibali cha halmashauri. Anza kwa mtendaji wa mtaa.

Msimu: anza Januari au Februari, wakati wa kaskazi mvua zikiwa zimekatika, au Agosti na Septemba kabla ya vuli. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Paa lililofunguliwa nusu ndilo linalobebwa na upepo kuliko yote.

Umeme: kama waya wa TANESCO umefungwa kwenye paa au ukutani karibu na paa, omba wakukatie kabla ya kazi. Kuzima swichi kubwa ya ndani hakuondoi umeme kwenye waya unaotoka kwenye nguzo ya barabarani.

Mbao: paini na saipresi zilizotiwa dawa ndizo zinazopatikana kwa wingi, nyingine zikitoka mashamba ya miti kama Shume huko Lushoto. Msaji wa Longuza, Muheza, ni mgumu na unadumu, ila bei yake ni nyingine. Mikoko ina ulinzi: misitu yake ni hifadhi ya serikali na kukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Atakayekuletea boriti za mikoko usiku kwa bei ya kutupa anakuletea kesi. Isitoshe, mikoko hiyo ndiyo inayouzuia ufuo usiliwe na bahari.

Nenda dukani na futi yako. Si kila mbao inayoitwa 2 kwa 4 inafika 2 kwa 4. Kata kipande kidogo cha mbao iliyotiwa dawa utazame ndani: rangi ya dawa ikiwa imepaka ngozi ya juu tu na kati ni nyeupe kabisa, mbao hiyo imechovywa haraka haraka. Ikatae.

KUINUA PAA

Sababu ya kuinua polepole ni moja. Mbao iliyopinda kwa miaka thelathini imezoea ule mpindo, na ukuta wa udongo umejipanga kufuata paa. Ukivirudisha kwa siku moja, mbao inapasuka na ukuta unachanika. Jeki ya tani 5 haitambui kama inainua paa au inavunja ukuta. Kinachokuongoza ni uzi na kipimo. Jeki ikienda kirahisi, isikudanganye.

Vinavyohitajika: jeki mbili au zaidi (za skrubu ni bora, za mafuta zinaweza kushuka zenyewe usiku), mirunda minene iliyonyooka au mbao za 4 kwa 4, mbao mbili za 2 kwa 6 zilizounganishwa kuwa boriti moja, vipande vya mbao pana vya 2 kwa 12, na kabari za mbao ngumu, nyingi.

1. Punguza uzito. Shusha tanki, dishi, mizigo iliyohifadhiwa juu ya dari. Kama bati la sehemu iliyobonyea limeoza, lifungue, lakini usifungue paa zima kwa mara moja.

2. Kama kuta zimefunguka, weka egemeo la nje kwa kila ukuta: mrunda wa mshazari, mguu wake umechimbiwa, kichwa chake kimekandamiza ubao mpana ulioegemezwa ukutani. Kazi yake ni kuzuia ukuta usitoke zaidi. Usijaribu kuuvuta ukuta wa udongo urudi ndani, utaanguka.

3. Tandika sakafuni mbao za 2 kwa 12 urefu wa mita moja au zaidi, mbili zikipishana msalaba. Sakafu za nyumba hizi ni saruji nyembamba juu ya udongo. Jeki iliyowekwa moja kwa moja itazama badala ya paa kupanda.

4. Pitisha ile boriti ya 2 kwa 6 chini ya mwamba, au chini ya kenchi zisizopungua tatu, ili nguvu isikae mahali pamoja. Simamisha nguzo za muda juu ya jeki, uzihakikishe wima kwa timazi. Nguzo iliyolala hata kidogo huchomoka.

5. Kando ya kila jeki simamisha nguzo nyingine isiyo na jeki, yenye kabari mbili zilizoelekeana chini yake. Jeki ikipanda, gonga kabari nguzo hii iifuate. Usiku uzito ukae kwenye nguzo za kabari. Hata siku moja usiuache juu ya jeki.

6. Inua milimita 3 hadi 5 kwa siku, basi. Zungusha jeki zote kidogo kidogo kwa zamu. Baada ya kila zamu simameni kimya msikilize. Mlio mdogo wa mbao kukaa sawa ni wa kawaida. Mlio wa kupasuka, au ufa mpya ukutani, mnashusha kidogo na kusubiri hadi kesho yake au keshokutwa.

7. Acha pale ubonyevu ulipopungua hadi nusu au theluthi, kama mbao zinakataa zaidi. Kilele hakilazimiki kunyooka kama kipya. Lengo ni kuondoa mzigo kwenye mbao zilizoshindwa ili uzitibu.

Wakati wote huo watoto na wazee walale kwa jirani. Nyumba za Ngamiani zimebanana, kwa hiyo mwambie pia jirani anayepakana nawe ukuta kwa ukuta siku mtakayoanza.

KUTIBU KUANZIA CHINI KWENDA JUU

Paa likiwa limekaa kwenye nguzo za muda, sasa ndipo kazi ya kudumu inapoanza. Mpangilio ni lazima: ardhi, nguzo, kichwa cha ukuta, kenchi, papi, bati. Mafundi wengi huanzia juu kwa sababu huko ndiko mwenye nyumba anakoona mabadiliko.

Miguu ya nguzo. Fungua udongo kuzunguka nguzo iliyooza, moja tu kwa wakati. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye mti mzima. Jaza chini yake zege au jiwe lililolazwa imara, litokeze juu ya ardhi angalau sentimita 15, uweke kipande cha nailoni nzito juu yake ili unyevu usipande, kisha nguzo ikalie hapo. Kandika tena sehemu hiyo kabla ya kugusa nguzo inayofuata.

Mtambaapanya. Kata palipooza, uweke mbao mpya iliyotiwa dawa. Maungio yakae juu ya nguzo. Yakiwa katikati ya nguzo mbili yatashuka tena. Pishanisha ncha mbili kwa sentimita 60 au zaidi, ufunge kwa bolti.

Mbao za kufunga. Hii ndiyo hatua inayoponya paa lililofunguka, na hufanywa kilele kikiwa bado kimeinuliwa. Weka mbao ya 2 kwa 4, au 2 kwa 6 kama chumba ni kipana, kutoka mguu wa kombamoyo la mbele hadi la nyuma, kwa kila kenchi. Ikiwa urefu wa chini umezuiwa na dari au kichwa cha mtu, iweke juu kidogo, lakini isipite theluthi ya chini ya kimo cha kenchi. Ukiipandisha karibu na kilele itakuwa pambo.

Makombamoyo na boriti. Palipooza kidogo, usitoe mti wote. Bandika mbao mpya ubavuni, ipite sehemu mbovu kwa sentimita 60 au zaidi kila upande, ishikwe na bolti za milimita 12 zilizopangwa kwa zigizaga kila sentimita 30 hadi 40, kila nati ikiwa na kibati kipana cha duara chini yake. Mkoko ni wa mviringo, na mbao bapa haikai vizuri ubavuni mwake. Njia nzuri ni kuubana kati ya mbao mbili, moja kila upande, na bolti ipite zote tatu. Ukitaka kuuchonga kwa tezo upate ubapa, chonga kidogo tu, maana kila unachotoa ni nguvu unayoitoa. Na usipigilie msumari mkavu kwenye mkoko wa zamani: utapasuka kwa urefu. Toboa kwanza kwa drili.

Tumia misumari na bolti zilizopakwa zinki. Dawa ya mbao yenyewe, ikichanganyika na hewa ya chumvi, hula chuma kitupu haraka.

Kushusha. Legeza kabari polepole kama ulivyoinua, siku kadhaa, ukipima uzi kila siku. Paa litashuka kidogo likikaa kwenye mbao mpya. Likiendelea kushuka baada ya siku ya tatu, kaza kabari urudi kutafuta ulichokosa.

KUEZEKA

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mafundi wa bati wako wengi na wazuri. Wewe simamia haya.

Geji: namba ikiwa ndogo bati ni nene. Karibu na bahari usishuke chini ya unene wa geji 28. Bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki hustahimili chumvi kuliko la zinki peke yake.

Mwinuko: paa la bati lipande angalau sentimita 27 kwa kila mita moja ya usawa. Nyumba iliyotoka kwenye makuti kwa kawaida ina mwinuko mkubwa zaidi. Usimruhusu fundi aulaze ili kuokoa bati.

Msumari hupigwa kwenye mgongo wa wimbi. Bondeni ndimo maji yanamopita. Bati la juu lilipande la chini sentimita 15 au 20.

Upepo: bati ni jepesi, na ukishalifunga vizuri upepo hutaka kubeba paa zima. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilitukumbusha kuwa vimbunga vinaufikia mwambao wetu. Funga kila kenchi kwenye mtambaapanya kwa mkanda wa chuma uliopakwa zinki, na mtambaapanya kwenye nguzo. Kwenye visusi na ukingo wa chini, ongeza misumari mara mbili.

Mwisho weka mfereji wa maji na uyapeleke kwenye tanki lililo chini, mbali na msingi. Pesa ya mfereji ndiyo watu huikata ya kwanza, nami ningependa waikate ya mwisho.

┌──────────────────────────────
MAKOSA YANAYORUDIWA

– Kusimamisha nguzo moja katikati ya sebule, juu ya sakafu tupu, na kuiita dawa. Inazama, na paa linapinda sehemu mbili.
– Kutegemea oili chafu kwa mbao zinazobeba. Inabaki ngozi ya juu, inavuja hadi visimani, na moto ukitokea inasaidia kuwaka.
– Kupikia vipande vya mbao zilizotiwa dawa. Moshi na majivu yake yana sumu. Usivitumie jikoni, usichomee mkaa, usiweke majivu bustanini.
– Kukanyaga bati lenye kutu katikati. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, juu ya papi, au weka ubao.
– Kumlipa fundi yote mwanzoni. Lipa kwa hatua: baada ya nguzo za muda, baada ya mbao, baada ya bati.
└──────────────────────────────

NYUMBA ZA MAWE NA CHOKAA

Nyumba za mawe za Pangani, na zile za maduka katikati ya Tanga, zinabeba tofauti. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, mita mbili na nusu hadi tatu, na mjenzi alifuata boriti. Juu yake kulikuwa na dari nzito ya mawe na chokaa, na nyingi zikaja kufunikwa paa la bati.

Hapa hatari iko kwenye kichwa cha boriti kilichozama ukutani. Ukuta wa chokaa hupumua: hunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji yanabaki ndani na kukiozesha kichwa cha boriti polepole, huku nje ukuta ukionekana safi. Kwa hiyo ziba kwa chokaa na mchanga, na ukirudisha boriti acha nafasi ya kidole kuzunguka kichwa chake hewa ipite.

Usiinue dari ya mawe kwa jeki mwenyewe. Weka nguzo za muda za kushikilia tu, bila kuinua, kisha mwite mhandisi. Na kama nyumba ni ya kale sana au ina milango ya nakshi, uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na milango ya namna hiyo, na fundi anayeng'oa mlango kwa ahadi ya kuutengeneza anaweza asiurudishe.

BAADA YA KAZI

□ Mvua kubwa ya kwanza: ingia darini na tochi inaponyesha, ufuate kila tone hadi linapotokea.
□ Baada ya miezi mitatu: kaza nati zote. Mbao mpya hukauka na kusinyaa, bolti zinalegea.
□ Kila Februari kabla ya masika, na kila Septemba kabla ya vuli: safisha mfereji, badilisha misumari yenye kutu, vunja njia za mchwa kwenye msingi.
□ Mara moja kwa mwaka: vuta uzi uleule, pima, andika tarehe kwenye mbao ya kenchi yenyewe kwa kalamu isiyofutika, ili atakayerithi nyumba baada yako akute vipimo vyote mahali pamoja.